Saa ya Kilimani Haikukosea

Achieng, nyathina, mwanangu,

Mambo ya sweta, ya begi na ya mahali pa kuficha pasipoti mama yako amekueleza, na kesho atakueleza tena mpaka uchoke. Mimi hapo sina la kuongeza. Sijawahi kupanda ndege, na baridi ninayoijua ni hii ya Kericho, ambayo umeniambia ni mchezo tu mbele ya ile ya Finland.

Naandika jioni hii wakati umeenda kuaga kwa shangazi yako, laini ya juu ya nyumba za wafanyakazi. Shifti yangu inaanza usiku, na utakapotoka alfajiri nitakuwa bado kiwandani nikilisha boila kuni. Usidhani ni kazi iliyonizuia. Wafula, tunayefanya naye kazi, alijitolea kunishikia zamu ya leo, nami nikamwambia asijisumbue. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kusimama mlangoni nawe unipe mkono kwa heshima, kama unavyompa mzee uliyekutana naye njiani.

Tangu Jumapili umekuwa ukinipa heshima. Unaniwekea maji ya kuoga. Unaniandalia chakula, unasema karibu Baba, unatoka. Hujanitukana, hujanuna mbele ya watu. Afadhali ungenitukana kidogo.

Na Jumatano ulizitoa nguo kwenye begi. Mama yako ameniambia. Alikukuta umeketi kitandani, begi tupu limefunguliwa miguuni, ukamwambia nafasi hii ya masomo si yako, ni ya Mjomba Kiprotich, na kwamba kuzaliwa kwako ndiko kulikomfukuzisha kazi. Mama yako alizirudisha nguo moja moja bila kukujibu, kwa sababu hakujua la kusema. Jibu lilikuwa langu, nami nilikuwa nje nikijifanya napasua kuni.

Jumapili nilisema maneno machache mbele ya waliokuja kukuaga, na mengine sikuyasema. Haya hapa mengine. Nayaandika kwa Kiswahili badala ya Kijaluo chetu kwa sababu yalitendeka kwa Kiswahili. Uongo wangu niliusema kwa Kiswahili, na mtu aliyeumizwa nao alikuwa amesimama kando yangu akiusikia.

Unakijua kile kilima nyuma ya kiwanda, chenye mikaratusi iliyokatwa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaokota pale vipande vya waya. Kabla hujazaliwa palikuwa na kibanda. Watu wa chuo kikuu walikijenga, wakatandaza waya mrefu kutoka mti hadi mti, nami nikaajiriwa kufyeka nyasi chini ya waya, kulinda mlango na kufukuza ng'ombe. Nilikuwa nimetoka ziwani si muda mrefu, shule niliachia darasa la sita, na kazi ya mtu kukaa kivulini niliiona ni bahati isiyo na mfano.

Fundi wa kibanda alikuwa Kiprotich. Yeye ndiye aliyenieleza kilichokuwa ndani, maana injinia wa chuo hakuwa na maneno na wafyekaji. Siku ya kwanza nilimuuliza kama ile redio inashika mpira. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Oduor," akasema, "hii redio haina mpira, haina wimbo, haina hata mtu wa kusoma habari. Inasema kitu kimoja tu mchana na usiku: niko hapa, niko hapa."

Wewe sasa unayajua haya kuliko sisi wawili, lakini niache niyaseme kama nilivyoyaelewa. Mbali sana kaskazini, Ulaya, kuna mtambo unaotoa mawimbi marefu, ya mtetemo wa chini kuliko redio yoyote ya sokoni. Mawimbi mengine huchoka njiani. Haya hutambaa katikati ya ardhi na ule utando ulioko juu angani, yanavuka bahari na jangwa, na yanafika Kericho bado yana nguvu. Ndani ya kibanda kulikuwa na saa isiyo na mishale, sanduku tu lenye taa ya kijani. Kulikuwa na kibanda kingine kama chetu kule Londiani, kando ya msitu, nacho kina saa yake. Kazi yote ilikuwa kujua kama saa ya Kericho na saa ya Londiani zinakwenda pamoja, bila waya kati yao, na bila setilaiti. Kiprotich alisema setilaiti ikizibwa siku moja, benki na simu na umeme vyote vitapoteza njia, na hapo watu watayatafuta haya mawimbi ya zamani.

Kilichonishangaza ni kwamba zile saa hazikuulizana. Mimi ningedhani ya Kericho itaiuliza ya Londiani, wewe unasema ni saa ngapi, kisha wabishane. Hapana. Kila moja iliusikiliza ule mtambo wa mbali, ikaondoa muda ambao wimbi limetumia njiani kuifikia, ikaweka kumbukumbu ya tofauti yake. Halafu ndipo ya huku na ya kule zikawekwa pamoja na watu.

Tena haikuwa wakati wowote. Ule utando wa angani hushuka jua likichomoza na kupanda jua likizama, kwa hivyo alfajiri na magharibi wimbi huyumba, na ukiliamini utailaumu saa isiyo na kosa. Alasiri kwetu ni radi na mvua ya mawe, unajua mwenyewe, na kila radi ni kelele kwenye waya. Ilibaki saa sita mchana, wakati njia nzima kutoka kule mpaka hapa iko kwenye mwanga. Hapo wimbi hutulia. Saa sita Kiprotich alinyamazisha kila kitu pale kilimani. Hata kufyeka nilikatazwa. Nilikaa chini ya mti na panga langu nikisikiliza kimya, na nilikipenda.

Sasa ile siku.

Mama yako alikuwa nyumbani ziwani kwa bibi yako, na siku zake zilikuwa zimefika. Nilikuwa nimeomba ruhusa niende, nikaambiwa ningoje mwisho wa mwezi, nikangoja. Wanaume wengine wa laini waliondoka hata bila ruhusa mambo kama hayo yalipotokea, wakarudi wakaomba msamaha. Mimi nilingoja. Mama yangu aliniahidi angenipigia kwa simu ya mwalimu jirani. Jioni ya kuamkia siku hiyo mvua ya mawe ilishuka, radi ikaangusha nguzo, umeme ukapotea kiwandani, kwenye laini zote na hadi madukani. Simu yangu ilizimika kabla ya kulala.

Asubuhi Kiprotich aliondoka kwenda kuangalia kibanda cha Londiani. Kabla ya kuondoka aliongeza maji kwenye betri, mimi nikiwa nimemshikia chupa, akafunga vifuniko, akavigusa kimoja kimoja. Akaniambia umeme haupo lakini tusiwe na hofu, betri itaibeba saa mpaka atakaporudi.

Kwenye laini jirani mmoja alikuwa na kifaa cha kuchaji simu kwa betri ya gari. Betri yake ilikuwa imekufa.

Unaona nilipofika. Nataka uelewe jambo moja, Achieng, kwa sababu Jumapili nilisema "niligusa betri", na hilo nalo lilikuwa neno la kujificha. Sikugusa. Sikujikwaa kwenye waya. Nilivilegeza vile vibano vya betri kwa mikono yangu, taa ya kijani ikazima nikiiona, nikaibeba betri begani na kushuka nayo kilima. Nilijua ndiyo peke yake inayoibeba saa. Nilijua pia saa sita inakaribia. Nilitaka kusikia kama mko hai.

Simu haikukaa sana kwenye chaji kabla ya kuita. Mama yangu hakusalimu. Alisema, "Oduor, ni msichana, na jua liko utosini." Kisha akaisogeza simu kwako nikakusikia ukilia. Nilikaa chini kwenye matope nje ya nyumba ya watu. Jina halikuhitaji mkutano. Anayezaliwa jua likiwaka hivyo ni Achieng.

Nikarudisha betri. Taa ya kijani ikawaka, nami kwa ujinga wangu nikadhani taa ikiwaka basi mambo yamerudi yalipokuwa. Saa ya ukutani ikisimama unaiona imesimama. Ile haikuonyesha. Ilikuwa kama mtu aliyezimia katikati ya mazungumzo, akaamka, akaendelea na maneno yake bila kujua wenzake wameongea nini.

Jioni Kiprotich aliporudi nilimwambia habari moja tu, ya mtoto. Alinishika mabega akanitikisa. Akaniuliza ulizaliwa wakati gani, nikamwambia, akasema basi kwao wewe ni Chebet, maana nao humpa mtoto jina la wakati aliofika nao. Yeye mwenyewe ni wa jioni, ng'ombe wakirudi nyumbani. Mimi ni wa usiku. Tulicheka kwamba sasa kibanda kimepata mtu wa mchana. Nilikuwa na nafasi hapo, Achieng. Mtu ana furaha, ananiita Baba Achieng kwa mara ya kwanza, kosa bado ni bichi na pengine lingeweza kuelezwa. Nikaiacha ipite kwa sababu nilikuwa nafurahi.

Kumbukumbu za huku na za Londiani zilipowekwa pamoja, saa yetu ilionekana imeruka. Injinia alikuja na wageni waliokuwa wakigharamia ile kazi. Alitusimamisha nje ya kibanda, mimi na Kiprotich. Akamuuliza Kiprotich kama aliweka maji kwenye betri. Kiprotich akasema aliweka. Injinia akasema betri yenye maji haiwezi kuiangusha saa asubuhi moja. Kisha akanigeukia akauliza kama kuna mtu aliyeingia ndani. Kiprotich akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinitazama kama mtu anavyomtazama shahidi wake.

Nikasema, "Mimi ni wa nyasi tu, bwana. Ya ndani siyajui."

Ni hayo tu. Sikumsingizia, sikumtaja. Nilijifanya mdogo, na udogo wangu ulitosha kumwangusha. Injinia akasema hawezi kuwa na fundi asiyejua kutunza betri, na Kiprotich akaondoka kabla ya juma kwisha. Mimi nilibaki. Walinipa na ufunguo. Ile kazi haikuendelea sana baada ya hapo. Kibanda kikavunjwa, nami nikahamishiwa kiwandani, kwenye boila, nilipo mpaka leo.

Nilikuwa na sababu. Mtoto mchanga, mke mgonjwa, mama mzee, na mimi mwenyewe kijana asiye na shule. Nimezitazama sababu hizo miaka yote hii. Zote ni za kweli, na hata zikikaa pamoja hazitoshi.

Kiprotich alirudi Kimulot kwa baba yake, kwenye majani chai na ng'ombe. Ningeweza kuishi na kosa langu vizuri kama angenichukia. Lakini mama yako alipokuleta hapa, ukiwa umeanza kutembea, alikuja na mtungi akasema, "Haya ni ya Chebet." Kila alipopita kuelekea mjini aliacha maziwa. Nimekulea kwa maziwa ya mtu niliyemfukuzisha kazi, na nilimshukuru kila mara, na kila mara alisema si kitu.

Baadaye ndiye aliyekutengenezea kile kisanduku chenye waya, mkakaa nje nyinyi wawili mkisikiliza mikwaruzo ya radi za mbali. Unakumbuka ulivyonikimbilia kuniambia umesikia radi ya nchi nyingine? Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti. Nilisema vizuri, nikainuka nikaingia ndani. Ulidhani sipendi mambo yenu. Umewahi hata kumwambia mama yako kwamba Baba hapendi redio. Niliipenda. Nilikuwa siwezi kuketi karibu nayo.

Na sasa lile jina uliloniuliza.

Baada ya kufukuzwa, Kiprotich alianza kurudia. Akifunga mlango, anarudi kushika kufuli. Akifunga bomba la maji, anafika barabarani, anarudi kulitazama. Watu walianza kumtania, na siku moja nikasema huyu tumwite Mara Mbili. Jina likashika. Wewe ulilisema kabla hujajua kusema vizuri, "Mjomba Mara Mbili amekuja," naye akakuinua juu akicheka. Mimi nilijua anarudi kutazama nini. Alikuwa anarudi kuitazama ile betri.

Jumapili, alipoombwa akupe neno, alisimama na kikombe mkononi. Ulisikia mwenyewe. Alisema, "Chebet, huko unakoenda, ukipewa kitu cha kutunza, kikague mara mbili. Mimi siku moja sikukagua, na mnaona niko wapi." Watu wakacheka, wakaita Mara Mbili, Mara Mbili. Wewe pia ulicheka, na ukaitikia kwa kichwa kama mtu anayeliweka neno mfukoni.

Hapo ndipo niliposhindwa. Usinipe sifa ya ujasiri. Nilikuwa nimepanga kufa na jambo lile. Lakini nilikuona unalibeba. Nilimwona mtu mwema anakupa uongo wangu kama wosia wake, nawe unaupeleka Finland, na siku moja utawapa watoto wako. Nikasimama nikasema, "Ulikagua. Mimi ndiye niligusa betri, siku aliyozaliwa huyu."

Ulimwona. Hakupiga kelele. Aliweka kikombe chini, akauliza, "Maji niliweka?"

Nikasema uliweka.

"Na vifuniko?"

"Ulifunga."

Akachukua kofia yake akaondoka. Ulimfuata hadi barabarani, ukarudi peke yako, ukasimama mbele yangu ukauliza swali moja: "Baba, na lile jina la Mara Mbili?" Sikukujibu. Sasa umejibiwa.

Alhamisi nilikwenda Kimulot. Sikuwaambia. Nilimkuta shambani kwake anachuma. Hakuniamkia. Alinitupia kikapu, nikaingia mstari wa kando yake, tukachuma. Mgongo wangu umezoea kuni, si majani. Nilikuwa nabaki nyuma, naye alikuwa anafika mwisho wa mstari ananingoja bila kunitazama. Mke wake alileta chai akatuangalia wote wawili, akaweka birika chini akaenda zake. Tulichuma mpaka mawingu yakaanza kukusanyika upande wa msitu. Ndipo akasema.

Aliniambia hakuwahi kujua kama aliweka maji au hakuweka. Mwanzoni alikumbuka vizuri, chupa, vifuniko, mimi nikiwa kando. Lakini kila mtu alipomwambia hakuweka, na mimi niliyekuwepo nikanyamaza, ile kumbukumbu ilianza kufifia, na baada ya muda akawa anajikumbuka akiondoka bila kuweka. Watu wa minara ya simu walimwita kazini baadaye, kazi nzuri. Alikataa. Sisi sote tulidhani anapenda ng'ombe.

"Niliogopa mikono yangu," aliniambia. "Baba Achieng, unajua ukiiambia saa nzuri kwamba imekosea, nini kitafuata? Utaisahihisha. Na ukishaisahihisha, hapo ndipo imekosea kweli. Mimi ndivyo nilivyofanywa."

Nilimwambia pole, nalo likaanguka pale kati ya michai. Halikuwa na uzito wowote.

Tukabeba majani kwenda kupimiwa. Tuliporudi kwake alifunga stoo, akaanza kunisindikiza. Tulipofika kwenye ua akasimama. Nilijua. Akanitazama, akageuka, akarudi mpaka mlangoni akalishika kufuli, akaja tena.

"Unaona?" akasema. "Umeniambia, na bado narudi."

Hicho ndicho nilichotaka ukijue kutoka kwangu, zaidi ya ushauri wowote wa baba. Nilidhani ukweli ni kama kurudisha betri, taa ya kijani inawaka basi. Nimerudia ujinga ule ule. Nimesema ukweli Jumapili, na mtu bado anarudi kwenye kufuli lake. Pengine atarudi mpaka mwisho. Ile asubuhi moja niliikata mimi, na hakuna anayejua ilimpotezea kiasi gani.

Nilimuuliza kama atanisamehe. Alisema, "Sijakusamehe. Sijui lini." Aliisema bila hasira, kama mtu anayeulizwa mvua itanyesha lini. Nikamwambia wewe unataka kuacha safari. Kwanza hakuamini. Kisha alikasirika, kwa mara ya kwanza siku ile, na nitakuandikia maneno yake yalivyo maana alinifanya niyarudie mbele yake nisije nikayapunguza:

"Mwambie Chebet yeye hakutoa betri. Yeye alikuwa anazaliwa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hiyo siku na aliifanya vizuri. Mimi nimemfundisha mpaka mahali nilipoishia. Asipoenda, hapo ndipo nitakuwa nimefukuzwa kweli. Na ile nilimwambia Jumapili nimeiondoa. Akague mara moja, vizuri, halafu aende."

Tulipoachana alinipa mtungi. Hayo maziwa uliyokunywa Ijumaa asubuhi, ukamuuliza mama yako yametoka wapi naye akasema kwa jirani, yalitoka Kimulot. Nilimwomba mama yako asikuambie. Hata hilo nililificha, angalia mazoea yalivyo.

Nimeacha kuandika hapa kidogo, nimerudi.

Nilipoandika yale ya kungoja ruhusa ulipozaliwa, niliinua macho nikaona viatu vyangu vya kazi vimekaa mlangoni tayari. Siku ile nilijificha nyuma ya mwisho wa mwezi. Leo nilikuwa najificha nyuma ya boila. Nimeenda kwa Wafula nikamwomba ile zamu. Alikuwa anakula ugali na omena. Akaniambia, "Mzee, si ulisema nisijisumbue?" Nikamwambia nilisema vibaya. Akasema basi nimwache amalize samaki wake. Atanishikia.

Kwa hivyo alfajiri nitakuwa mlangoni, nitabeba begi mpaka barabarani. Barua hii nitaiweka juu ya nguo zako, chini ya ile sweta nyekundu. Kama utaisoma usiku huu au utaisoma juu ya mawingu, sitajua, na sitakuuliza. Usijilazimishe kusema kitu asubuhi. Kukiwa hakujapambazuka sawasawa si wakati wa kupima chochote. Nilifundishwa hivyo na fundi mzuri. Unipe mkono wa heshima, hata huo nitaupokea.

Unaenda upande ule ule mawimbi yalikokuwa yakitoka. Umeniambia saa zao na zetu zimekaribiana, na kwamba wakati wa baridi jua huko hujitokeza kidogo tu katikati ya mchana kisha likaondoka. Basi siku yoyote utakayoweza, hata ikichelewa sana, ngoja saa sita, wakati kuna mwanga kwako na kuna mwanga kwangu na njiani kote. Nitakuwa nimeamka kutoka usingizi wa shifti, nimekaa kwenye kizingiti. Sikuulizi unasema nini juu yangu. Wewe na mimi tukianza kuulizana nani amekosea, mimi nitakuyumbisha, nimeshamyumbisha mtu mmoja. Piga tu, iite mara moja, ukate.

Usirudie kupiga ili kuhakikisha. Mara moja nitaisikia.

Baba yako,
Oduor